Waini nyekundu kavu ya Kijerumani: kuichagua, kuipoza na kuipikia bila kuiharibu (mwongozo kamili)

Hii naiandika kwa wadau mlioko Ujerumani, maana meseji ni ileile kila mara: "nimenunua waini nyekundu ya hapahapa, nimepika tangu asubuhi, wageni wamekunywa nusu glasi wakahamia kwenye bia, nimekosea wapi?" Nikiomba picha ya chupa karibu kila mara naona neno lieblich, yaani tamu, limejificha nyuma ya lebo. Aliyebahatika kununua kavu, chupa imeshinda jirani na hita. Na aliyevuka hayo mawili, mezani ameweka pilipili mbuzi.

Makosa ni hayo matatu na yanafuatana, kwaiyo na hatua zitafuatana. Ukiruka ya kwanza usiendelee, kule mbele hakuna cha kuokoa.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kwa watu wanne:

- Chupa 2 za Spätburgunder (zabibu nyekundu, nitaieleza hatua ya 2) iliyoandikwa trocken (kavu), moja ya kunywa, nyingine ya kunywa pia, na ya kwenye mchuzi utaitoa humohumo
- Kizibuo (chupa nyingi za Kijerumani siku hizi ni za kufungua kwa kuzungusha ila usiamini, uwe nacho)
- Glasi zenye tumbo pana, sio zile nyembamba za shampeni
- Friji, au baraza kama ni kipupwe
- Mapaja 4 ya bata (yameandikwa Entenkeulen, ya kwenye friza yanafaa kabisa)
- Kabichi moja ya zambarau, kama kilo 1
- Matofaa 2 yenye uchachu
- Vitunguu maji 3, karafuu 4, kijiti cha mdalasini, chumvi, pilipili manga
- Siki vijiko 3 vya chakula
- Supu ya mifupa au ya kuku, mililita 300
- Viazi

Mbona bata? Kwa sababu ndo chakula chepesi kuliko vyote cha kumfundisha mtu waini hii inataka nini. Ana mafuta, ana chumvi, hana pilipili, na kabichi yake inapikwa kwa karafuu na mdalasini, vitu ambavyo sisi watu wa pilau tunavifahamu kuliko hao wenyewe.

## Hatua ya 1: Soma chupa, mbele na nyuma

Neno unalolitafuta ni trocken. Maana yake kavu, au drai kama wanavyosema baa za nyumbani. Yaani sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka pombe.

Kisheria trocken inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 4 za sukari kwa lita, na inaweza kupanda hadi gramu 9 ila kwa sharti kwamba sukari isizidi asidi kwa zaidi ya gramu 2. Mfano chupa ina asidi gramu 5.5, basi sukari mwisho wake ni 7.5. Ndo maana trocken mbili zinaweza kutofautiana mdomoni, moja kavu kabisa na nyingine ina ulaini fulani, na zote ziko sahihi.

Maneno mengine utakayokutana nayo:

halbtrocken: nusu kavu, sukari inafika hadi 18. feinherb: hili halina kipimo cha kisheria, kila mtengenezaji na lake, mara nyingi liko maeneo ya nusu kavu. lieblich: hadi gramu 45 kwa lita. Hapa ndo watu wengi wanaangukia, kwa sababu lieblich ukitafsiri kwenye simu inakuletea "nzuri, ya kupendeza" na nani hataki waini ya kupendeza? süß: zaidi ya 45.

Sisemi waini tamu ni mbaya. Wengi wetu waini ya kwanza kuionja ilikuwa tamu ya Dodoma kwenye sherehe ya kipaimara na tukaipenda. Ila kwenye nyama yenye mchuzi mzito ni kama umemwagia juisi.

Na mimi nimeshaaibika. Mwaka wangu wa kwanza mama mwenye nyumba alinialika Jumapili, kapika Sauerbraten, ile nyama ya ng'ombe inayolowekwa kwenye siki siku kadhaa, nami nikabeba waini ya zabibu za Dornfelder, tena lieblich, kwa kujiamini kabisa. Akaiangalia lebo, akanishukuru kwa heshima zote, akaifungua kabati na kuiweka nyuma ya unga wa ngano. "Hii tutaichemsha Krismasi," akasema. Alimaanisha Glühwein, waini inayochemshwa na viungo. Nilicheka naye ila moyoni nilikuwa nimeshakufa.

Sasa mitego miwili:

Qualitätswein (waini ya ubora) haimaanishi kavu. Wala Spätlese (ya mavuno ya kuchelewa) haimaanishi tamu. Maneno hayo yanaeleza daraja na jinsi zabibu zilivyoiva wakati wa kuvunwa, sio sukari iliyobaki kwenye chupa. Ipo Spätlese trocken na ni kavu kweli.

Chupa isiyosema chochote. Kwa waini za kawaida mtengenezaji halazimiki kuandika kama ni kavu au tamu. Hapo angalia kilevi. Ukiona asilimia 9 au 10, shtuka, uwezekano mkubwa sukari imeachwa humo. Kavu nyingi nyekundu ziko kati ya 12 na 14. Ukiona herufi GG, yaani Großes Gewächs, hiyo lazima iwe kavu hata kama neno trocken hulioni vizuri, ila na bei yake utaiona vizuri.

Na kuna njia ya uhakika zaidi ambayo watu hawaitumii kabisa. Waini zilizotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023 kwenye nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutoa viambato na virutubisho, na wengi wameviweka kwenye kile kimraba cha kuskani na simu. Skani palepale dukani, tafuta neno Zucker (sukari), kiasi kimeandikwa kwa mililita 100, zidisha kwa 10. Ukikuta 0.4 hiyo ni gramu 4 kwa lita, beba. Ukikuta 3.5 hiyo ni gramu 35, rudisha kwenye shelfu.

Umefanikiwa kama: umetoka dukani na chupa yenye trocken, kilevi 12 kwenda juu, na haujachagua kwa sababu ya picha ya ngome kwenye lebo.

## Hatua ya 2: Chagua zabibu kulingana na sufuria

Kavu zote sio moja. Zipo nne utakazoziona sana.

Spätburgunder. Ni Pinot Noir ileile ya Wafaransa, jina tu ndo la Kijerumani. Rangi yake ni nyepesi, ukiinua glasi unaona vidole vyako upande wa pili, na hapo ndo watu wanadhani wameuziwa iliyochanganywa maji. Hapana, ndivyo ilivyo. Inanukia cheri na majani makavu ya msituni baada ya mvua, ukali wake ni mdogo, uchachu wake umechangamka. Baden ndo kuna mashamba mengi zaidi ya zabibu hii, kusini kabisa kunakoota jua, na ya Kaiserstuhl inatoka kwenye udongo wa volkano na inakuwa imejaa zaidi. Bonde la Ahr, jirani na Bonn, ni dogo ila karibu lote ni la waini nyekundu, imepandwa kwenye miamba ya mawe bapa, na ndo bonde lililopigwa na mafuriko ya Julai 2021. Mimi nikitaka kumnunulia mtu zawadi nachukua ya Ahr. Mezani kwangu, Baden au Pfalz (eneo lingine la waini), kwa sababu ya bei.

Lemberger. Ya Württemberg, maeneo ya Stuttgart na Heilbronn. Nyeusi zaidi, ina ladha kama ya pilipili manga, inakamata ulimi. Hii ndo ya nyama choma. Nawaambieni kila mara na bado watu wanapeleka Spätburgunder kwenye jiko la mkaa, moshi unaimeza yote.

Dornfelder. Rangi ya wino, laini, matunda mengi, bei rahisi. Iliyo trocken ni waini nzuri ya Ijumaa na mishikaki au soseji. Ila ndo zabibu inayouzwa sana kwa mtindo wa lieblich kwaiyo hapa soma lebo mara mbili.

Trollinger. Nyepesi mno, karibu na rozé. Mkate, jibini, Maultaschen (vifuko vya tambi vilivyojazwa nyama), basi.

Kuhusu hela: Dornfelder kavu ya yuro 4 au 5 inakunyweka bila ugomvi. Spätburgunder ya yuro 4 mara nyingi inasikitisha, zabibu yenyewe ni ya kubembelezwa na haiwezi kuwa rahisi ikawa nzuri, anzia 8 hadi 12. Ukiona Gutsabfüllung au Erzeugerabfüllung maana yake aliyelima ndo aliyejaza chupa, mi napendelea hizo.

## Hatua ya 3: Ipoze

Ule msemo wa kwamba waini nyekundu inanywewa kwenye joto la chumba ni wa nyumba za zamani zilizokuwa na baridi. Chumba chako hapa Januari na hita imefunguliwa ni nyuzi 22, hapo Spätburgunder inanuka spiriti tu na tunda limepotea.

Lengo:

- Trollinger: nyuzi 12 hadi 14
- Spätburgunder na Dornfelder: 14 hadi 16
- Lemberger na Spätburgunder zilizokaa kwenye mapipa ya mwaloni: 16 hadi 18

Huna kipimajoto? Weka chupa kwenye friji dakika 45 hadi saa moja kabla ya kula, halafu itoe. Ukiishika inatakiwa ikupe ubaridi wa mtungi wa maji uliokaa kivulini, sio wa soda ya barafu.

Angalizo: usiisahau kwenye friji usiku kucha ukaimimina hivohivo. Baridi kali inafunga harufu na ule ukali unaokausha mdomo unajitokeza, mgeni atasema "chungu". Ikitokea, mimina kwenye glasi, ikumbatie kwa viganja, subiri dakika 10. Na kwenye friza usiweke kabisa, utapigiwa simu na ndugu, utaisahau, chupa ipasuke.

Umefanikiwa kama: ukinusa unapata tunda kabla ya pombe.

## Hatua ya 4: Pika bata na kabichi yake

Anza saa mbili na nusu kabla ya wageni.

4a. Bata. Yafute mapaja yakauke kabisa kwa karatasi za jikoni. Maji kwenye ngozi ndo adui, maana ngozi iliyolowa inachemka badala ya kukaanga. Chana ngozi kidogo kwa kisu bila kugusa nyama, paka chumvi na pilipili manga. Panga kwenye trei, ngozi juu, vitunguu viwili vilivyokatwa chini. Oveni nyuzi 160, dakika 100.

Mafuta yatamwagika mengi na usiogope. Yakinge kwenye bakuli, hayo ndo utakaangia viazi. Dakika 15 za mwisho panda hadi 210 ili ngozi iive kuwa ya kuvunjika.

*Dalili ya mafanikio:* ukigonga ngozi kwa kijiko inatoa sauti, na mfupa ukiuzungusha unalegea.

4b. Kabichi. Katakata nyembamba. Kaanga kitunguu kimoja kwenye mafuta ya bata, weka kabichi, matofaa yaliyokatwakatwa, karafuu, mdalasini, chumvi, na siki weka mapema. Siki sio ya ladha peke yake, rangi ya kabichi hii inabadilika kwa asidi, bila siki sufuria inakugeukia bluu kama maji ya kufulia, ukiiweka inarudi kuwa nyekundu inayong'aa, utaona mwenyewe ndani ya sekunde chache. Funika, moto mdogo, dakika 50 hadi 60, ongeza maji kidogo ikikauka.

Sukari: Wajerumani wengi wanatia kijiko au viwili. Nyinyi msitie, tofaa linatosha. Chakula kikiwa kitamu kuliko waini, waini kavu inageuka kuwa chachu na nyembamba, yaani chupa ya yuro 12 inakuwa kama ile siki uliyopikia.

4c. Mchuzi. Bata akishatoka, mwaga mafuta yote yaliyobaki kwenye trei ila vitunguu na ule ugando wa kahawia acha. Hamishia kwenye sufuria, mimina waini mililita 150, chemsha ibaki nusu, halafu ndo utie supu, ipungue tena hadi iwe nzito ya kushika kijiko. Ukitia vyote kwa pamoja uchachu mbichi wa waini unabaki. Na usipikie waini usiyoweza kuinywa.

Jamani kingine: pombe haiishi yote kwa kuchemsha. Kama kuna mgeni asiyekunywa, kwa dini au kwa sababu nyingine yoyote, mtengenezee mchuzi wake kwa supu, juisi ya zabibu nyekundu vijiko vichache na tone la siki. Mwambie kabla hajauliza, sio ameshamaliza sahani ndo unamtobolea siri.

## Hatua ya 5: Fungua, nusa, onja

Fungua dakika 20 kabla. Mimina kidogo, nusa. Ikinuka boksi lililoloa mvua au kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndooni, kizibo kimeiharibu, haitapona hata ukiiacha wazi wiki nzima. Rudisha dukani na risiti, wengi wanabadilisha bila maneno.

Jaza glasi theluthi moja tu, ile nafasi iliyobaki ni ya harufu.

Sasa jaribio lenyewe. Kunywa funda moja kabla ya kula. Utasikia ulimi na fizi vinakauka kidogo, hiyo ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na inashikana na protini za mate. Kula kipande cha bata chenye ngozi na kabichi kidogo. Kunywa tena.

Umefanikiwa kama: funda la pili ni laini kuliko la kwanza na cheri imetokea ambayo haikuwepo. Mafuta na chumvi ya bata vimeituliza tanini, uchachu wa waini nao umekusafisha mdomo uwe tayari kwa kipande kingine. Mezani utaona, mtu anarudia glasi bila kukaribishwa.

Ikigoma, tafuta hapa:

- Waini imekuwa chachu ghafla: chakula kina sukari. Ongeza chumvi na siki kidogo kwenye kabichi.
- Imekuwa chungu: chakula hakina chumvi ya kutosha, au waini ni ya baridi mno.
- Mdomo unawaka: kuna pilipili. Pombe inaichochea, ukinywa kuzima moto unaongeza kuni. Hapa hakuna dawa, leta maji au mtindi.
- Haina ladha yoyote: imekaa kwenye joto. Irudishe friji dakika 15.

## Hatua ya 6: Ukishaweza, hamia kwenye vyakula vingine

Kwa vya hapa: Sauerbraten na Rouladen (nyama ya ng'ombe iliyoviringishwa) zinaenda na Spätburgunder iliyojaa au Lemberger. Nyama ya Reh, yule paa mdogo wa msituni, na ya nguruwe pori, hapo ndo Spätburgunder nzuri inapoonyesha kwanini inauzwa ghali, hasa ikiwa na uyoga. Bata bukini wa tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, ni kama hatua ya 4 ila muda zaidi. Käsespätzle (tambi za jibini) zenye kitunguu cha kukaanga, Trollinger ya baridi.

Kwa vya kwetu, nimejaribu vingi na haya ndo maoni yangu:

Pilau ya nyama, ndio, tena sana. Karafuu, mdalasini, iliki na kitunguu kilichoungua rangi ya kahawia vinakaa na Spätburgunder kana kwamba vilikubaliana. Tatizo ni kachumbari. Ndimu na pilipili vinaua kila kitu, kwaiyo kachumbari iwe ya kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na nyanya, pilipili ikae kisahani cha pembeni kwa atakayetaka kujiharibia.

Nyama choma ya mbuzi, Lemberger, na chumvi isiwe ya aibu.

Ndizi nyama inaenda na Dornfelder kavu, haina makuu.

Kuku wa nazi, hapana. Nazi ina utamu wake, waini kavu nyekundu inabaki inanung'unika pembeni. Nunua Riesling feinherb, nyeupe, utanishukuru.

Dagaa na samaki wa mafuta, hapana kabisa. Chuma kidogo kilichomo kwenye waini nyekundu kikikutana na mafuta ya samaki unapata ladha ya kulamba sarafu. Samoni wa kuchoma na Spätburgunder nyepesi iliyopozwa watu wanaifanya, mimi nimeifanya mara mbili, mara moja ilikubali.

## Iliyobaki kwenye chupa

Funga na kizibo chake, simamisha kwenye friji. Spätburgunder inakaa siku 2 au 3, Lemberger na Dornfelder zinavumilia kidogo zaidi. Itoe nusu saa kabla ya kuinywa. Ikishaanza kunuka tofaa lililokatwa jana, igandishe kwenye trei ya barafu, kila Jumapili ukipika rosti unadondosha vipande viwili mwanzoni kabisa, kitunguu kikiwa kimeshaiva na nyama bado haijaingia.